Mizani Mbili za Jicho la Mgeni

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alilala usiku mmoja Mombasa. Safari yake ilikuwa ya Kilwa, na baada ya usiku huo chombo chake kiliendelea kusini. Katika muda huo mfupi aliona migomba, akaona watu ambao chakula chao kilikuwa ndizi na samaki, akaona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, akaona visima milangoni pa misikiti hiyo na waumini wakiosha miguu kabla ya kuingia. Ilipita miaka zaidi ya 20 ndipo akamsimulia mambo hayo katibu aliyeziandika safari zake. Maneno machache ya mgeni wa usiku mmoja yakawa nguzo ya elimu. Anayeandika historia ya Mombasa huyataja. Mwalimu huyasoma darasani kwa sauti ya heshima. Mwanafunzi huyanukuu katika mtihani na kupewa alama. Haya yote ni haki. Ushahidi wa mtu aliyefika, akaona, akasema, hautupwi kwa sababu ya uchache wake.

Mwaka 1896 mtu wa Ngazija aitwaye Selim bin Abakari aliondoka Berlin pamoja na bwana wake, Mjerumani Theodor Bumiller. Alikwenda Urusi, akavuka mpaka Siberia, na katika kurudi akapita nchi za Waislamu wa Asia ya Kati. Hakulala usiku mmoja, alisafiri miezi. Aliyoyaona aliyaeleza kwa Kiswahili, na maelezo yake yakapigwa chapa Göttingen mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten kiitwacho Safari za Wasuaheli. Mwaka 1965 Lyndon Harries alichagua matini katika mkusanyo wa Velten, akazitoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Basi Selim hakupotea. Yumo maktabani, na mwenye kumtaka humpata. Lakini msomaji na aulize: ni nani anayemtaja Selim aandikapo juu ya Urusi ya mwaka 1896? Na pale anapotajwa na watu wa lugha yake mwenyewe, hutajwa kwa ajili gani?

Hutajwa kwa ajili ya mambo mawili. Kwanza, kwa sarufi: mtaalamu hutafuta katika maneno yake umbo la kitenzi cha zamani, jinsi daktari anavyotafuta ugonjwa katika mwili wa maiti. Pili, kwa kicheko: msomaji huburudika kumwona mtu wa pwani ya joto akishangaa baridi, umbali na sura za watu wa kaskazini. Ni nadra kutajwa kama shahidi. Ibn Battuta akishangaa Mombasa, mshangao wake huitwa habari. Selim akiishangaa Siberia, mshangao wake huitwa ushamba. Jicho la mgeni ni lile lile. Mizani ndiyo iliyokuwa mbili.

Mwenye duka akiwa na mizani mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia, watu wa mtaa humjua upesi, nao humwita mwizi. Mwanachuoni mwenye mizani mbili hukaa na cheo chake miaka mingi, na wanafunzi wake hutoka wakiwa na mizani hizo hizo mikononi. Hii ndiyo hasara inayostahili kupigiwa kelele. Kijana aliyefunzwa kwamba macho ya wengine juu ya nchi yake ni elimu, na kwamba macho ya babu zake juu ya nchi za wengine ni mzaha, amekwisha kufunzwa asiyaamini macho yake mwenyewe. Atasafiri, atarudi, wala hatakuwa na neno la kusema isipokuwa lile aliloambiwa aseme.

Utetezi wa mizani hizi mbili una hoja zake, na hoja haikanushwi kwa kuzibiwa masikio. Hoja ya kwanza husema kwamba Selim alikuwa mtumishi. Alikwenda alikopelekwa, alikaa alipoambiwa akae, na dira ya safari haikuwa mkononi mwake. Hayo ni kweli. Lakini ni msafiri gani aliyesafiri kwa upepo mtupu? Richard Burton alifika Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1856 kwa fedha na amri za wakubwa wa London, wa serikali na wa chama cha jiografia. Ibn Battuta alikula na kulala kwa ukarimu wa masultani na makadhi. Kila safari ina mlipaji wake, na kila mlipaji ana hitaji lake. Ikiwa kutumwa kunaharibu ushahidi, basi rafu zote za vitabu vya safari zingepaswa kutiwa moto, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho.

Zaidi ya hayo, utumishi una dirisha lake. Bwana huingia nyumba ya wenyeji kwa mlango wa mbele, akaonyeshwa zulia na mezani. Mtumishi huingia kwa mlango wa uani, akaona maji yanatoka wapi, kuni zinapasuliwa na nani, mabaki ya chakula yanaliwa na nani, na wenyeji husema nini wanapodhani kwamba hakuna mtu wa maana anayesikia. Watu wa pwani hulijua jambo hili bila kufundishwa. Anayetaka siri ya nyumba hamwendei mwenye nyumba. Kwa hiyo daraja la Selim halimwondolei ushahidi. Linaeleza tu kwamba ushahidi wake ulitolewa kutoka upande gani wa nyumba.

Hoja ya pili husema kwamba maneno ya Selim yalipita mkononi mwa Velten. Mjerumani ndiye aliyeyataka, ndiye aliyeyapanga, na ndiye aliyeyachapisha wakati bendera ya Ujerumani ilipokuwa ikipepea Dar es Salaam. Basi, husemwa, nani ajuaye Selim angesema nini kama msikilizaji wake angekuwa mtu wa kwao? Hoja hii ni nzito kuliko ya kwanza, na haifai kupuuzwa. Mtu anayesimulia mbele ya mkubwa huchagua maneno. Huenda yako mambo aliyoyaona Selim yasiyofika kwenye karatasi, na mengine yaliyofika yakiwa yamepakwa asali.

Walakini, hoja hiyo ikikubaliwa, ikubaliwe kwa wote. Ibn Battuta naye alipita mkononi mwa katibu, na katibu huyo aliandika kwa amri ya sultani wa Morocco. Burton aliandika kwa ajili ya wanunuzi wa vitabu wa London, waliopenda kusikia habari za nchi za mbali zikiwa na pilipili. Hakuna hata mmoja aliyesema peke yake chini ya mti. Na jambo la mkono wa mkusanyaji lina upande wa pili, ambao wenye hoja hii husahau kuutaja: mkono huo haukubadili maneno tu, bali aghalabu ulifunika jina la msemaji. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin tangu mwaka 1900, naye ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa mwaka 1903. Jina lililong'aa juu ya kitabu hicho kwa miaka mingi lilikuwa la Velten. Ilingojewa mpaka mwaka 1981, tafsiri ya J. W. T. Allen ilipotoka, ndipo jina la Mtoro likawekwa mahali pake juu ya kitabu. Miaka 78 ni umri wa mtu. Ikiwa mkono wa mkusanyaji ni kosa, basi dawa yake ni kumtafuta msemaji chini ya mkono huo na kumtoa nje. Kumzika mara ya pili kwa hoja ya kitaalamu si dawa.

Hoja ya tatu ndiyo inayosemwa kwa sauti ndogo na kuaminiwa kwa nguvu kubwa. Husema kwamba mshangao si elimu. Mtu anayeshangaa gari la moshi, theluji na majumba marefu haelezi kitu ila ugeni wake. Anayesema hivi hajui mshangao ni nini. Mtu hawezi kushangaa bila kipimo. Aliyezaliwa penye theluji haioni theluji. Huivua viatuni akaingia ndani. Anayeiona ni yule ambaye nyumbani kwake maji hayajapata kuwa jiwe. Katika mshangao wake zimo nchi mbili kwa wakati mmoja: ile inayoshangaza na ile inayoshangaa. Kwa sababu hiyo sentensi moja ya mgeni mwenye akili huweza kuwa na habari ambayo mwenyeji hakuiandika katika vitabu 10, maana mwenyeji hakujua kwamba ni habari.

Tena, wako wageni ambao mshangao wao ulikuwa wa kuziba pua, nao hawakuitwa washamba. David Livingstone, alipokuwa Zanzibar mwaka 1866, aliugeuza mji huo jina kwa mzaha, akalifanya jina lake litokane na uvundo. Mzaha huo umenukuliwa mara nyingi mno, mpaka umekuwa kama sehemu ya hati miliki ya mji. Wala haikuwa uongo kwamba mji ulinuka. Lakini miaka 8 tu kabla ya hapo, katika kiangazi cha mwaka 1858, mto Thames ulinuka kwa uchafu wa London hata Wabunge wa Uingereza wakashindwa kukaa kwa raha katika jumba lao, na mapazia yakaloweshwa dawa ili kuzuia harufu. Mgeni alikuwa na pua ya kunusia Zanzibar, na kumbukumbu ya London aliiacha London. Nyani haoni kundule. Endapo mtu wa Zanzibar angekuwa ukingoni mwa Thames kiangazi kile na kuupa mji ule jina la uvundo, je, jina hilo lingenukuliwa vitabuni leo? Msomaji anajua jibu.

Twaa tena mfano wa Kilwa. Ibn Battuta aliusifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri, akasema kwamba umejengwa kwa mbao. Lakini msikiti mkuu wa Kilwa, wa mawe, ulikuwa umekwisha simama kabla yeye hajazaliwa. Na Neville Chittick alipochimba Kilwa katika miaka ya 1960 alifukua kuta za mawe ya matumbawe, na nyumba, na kasri. Mgeni alikuwa amesema lisilolingana na ardhi. Je, wanachuoni walicheka? Hawakucheka. Walikaa wakafikiri. Labda katibu alikosea. Labda wanakili waliharibu neno. Labda mgeni alikumbuka mji mmoja akataja mwingine, kwa kuwa miaka 20 na zaidi ilikuwa imepita. Labda nyumba za watu wengi zilikuwa za mbao, nazo ndizo zilizojaa machoni pake. Walimpa kosa lake nafasi ya kufundisha, na likafundisha. Hivi ndivyo shahidi anavyotendewa. Kinachodaiwa hapa kwa Selim hakizidi hapo hata kwa kibaba: akikosea jina la mto, pasemwe labda, akizidisha umbali, pasemwe labda, akieleza desturi ya watu kwa namna isiyolingana na vitabu vya Warusi, pasiamuliwe mara moja kwamba vitabu vya Warusi ndivyo vilivyoona.

Mambo haya yana uchungu zaidi mtu akikumbuka mwaka wenyewe. Katika mwaka huo huo wa 1896, Selim alipokuwa akisafiri ili aone, katika viwanja vya Treptow mjini Berlin yalifanywa maonyesho ya makoloni. Watu zaidi ya 100 waliletwa kutoka nchi zilizotawaliwa na Wajerumani, na miongoni mwao walikuwamo watu wa Afrika Mashariki. Walijengewa vijiji vya kuigiza, wakatakiwa wakae humo, na umati wa mji ukalipa kiingilio upite kuwatazama. Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe, na methali hiyo ilimfuata Selim pia, kwa sababu katika safari yake alikutana na watu ambao hawajapata kumwona mtu mweusi, wakamkusanyikia. Lakini kati ya Treptow na Siberia iko tofauti moja kubwa. Treptow mtu alitazamwa, na alichokiona yeye hakikuulizwa. Selim alitazamwa, naye akawatazama waliomtazama, kisha akayaweka kwenye karatasi.

Na hata Treptow jicho halikufungwa lote. Mmoja wa watu wa Kamerun waliowekwa katika maonyesho yale, Kwelle Ndumbe, alijinunulia darubini ndogo, ya namna ile waliyokuwa nayo mabwana na mabibi wa Berlin katika nyumba za tamthilia, akaiweka machoni na kuwatazama watazamaji. Kitendo hicho kimekumbukwa mpaka leo. Lakini hakuacha kitabu cha yale aliyoyaona. Ni hasara kubwa iliyoje! Selim aliacha. Basi je, ni adabu gani hii, ya kumsifu mwenye darubini asiyeacha neno, na kumcheka aliyeacha safari nzima kwa Kiswahili safi?

Hapa pana hatari ya kuteleza upande wa pili, na mtetezi mwaminifu hana budi kuitaja kabla hajaonyeshwa na mpinzani wake. Kutaka shahidi asikilizwe hakuwi kutaka aabudiwe. Maono ya siku za kwanza hudanganya. Mgeni huiona siku ya soko akadhani kila siku ni soko. Hupokewa na mtu mkarimu akaisifu nchi nzima, au huibiwa mkoba akailaani nchi nzima. Wala wasafiri wa Kiswahili hawakupewa kinga ya maradhi haya.

Mfano ulio wazi ni Martin Kayamba. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Usukuma na Francis Lwamgira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Mwaka 1932 Sheldon Press ya London ilichapa kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Kitabu hiki kimelaumiwa kwa wingi wa sifa. Kayamba alikuwa mtumishi wa serikali aliyelelewa katika shule za misheni, na waliochapa kitabu chake walikuwa wa chama cha Kikristo. Sifa zake hazikosi maelezo. Mwaka ule mamilioni ya Waingereza hawakuwa na kazi. Na aulize msomaji, mgeni aliyeongozwa na wenyeji wake angeonyeshwa kiasi gani cha taabu hiyo. Mwenye nyumba hamwonyeshi mgeni paa linalovuja.

Ila mizani iliyo sawa haiishii kwenye lawama. Na ipimwe anwani yenyewe ya kitabu. Ina vitenzi viwili: kuona na kufanya. Wageni wale hawakwenda kushangaa tu; walikwenda kusema. Walisimama mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kuamua hatima ya nchi yao, wakalipinga shauri la muungano ambao wananchi wengi wa Tanganyika waliuogopa kwa sababu ya nguvu ya walowezi wa Kenya. Na katika mwaka huo huo kamati ilitoa shauri kwamba wakati wa muungano haujafika. Haisemwi kwamba watu watatu waliugeuza ufalme. Inasemwa tu kwamba anayesoma sifa za Kayamba bila kusoma kazi aliyoiendea amesoma nusu ya anwani.

Kwa hiyo kipimo cha haki kinaweza kutajwa, na ni maswali manne tu. Mgeni alikaa muda gani? Alikuwa mikononi mwa nani? Aliuliza kwa lugha gani? Alisimulia ili asikiwe na nani? Maswali haya hayajui rangi wala cheo. Ibn Battuta ataulizwa, naye atajibu: Mombasa usiku mmoja, katika chombo cha wafanya biashara, kwa Kiarabu, kwa ajili ya sultani. Burton ataulizwa, na Livingstone, na Kayamba, na Selim. Kila mmoja atapunguziwa anachostahili kupunguziwa, na kila mmoja ataachiwa kilicho chake. Mwanafunzi atakayezoea maswali haya hatamcheka mtu wala hatamsujudia mtu. Ataweza kusoma.

Wapinzani watasema kwamba hili ni shauri la vitabu vikuukuu, na kwamba wenye njaa hawali Selim bin Abakari. Hao na watazame uwanja wa ndege wowote wa Afrika Mashariki leo. Vijana huondoka kila wiki kwenda kusoma Ulaya, Marekani, China na India. Saa chache baada ya kufika, picha ya theluji au ya barabara pana imekwisha kufika nyumbani, na pamoja nayo maneno mawili matatu: hapa kuna utaratibu, huko kwetu hakuna. Huo ndio ushuhuda wa kwanza, na mara nyingi ndio wa mwisho. Kijana huyu ana elimu nyingi kuliko Selim. Ana chombo mfukoni kinachopiga picha, kupima njia na kufasiri lugha. Lakini hana mazoea ya kueleza alichokiona kwa maneno yake mwenyewe, kwa utulivu, kwa lugha yake, akitaja mahali, siku na watu. Hajaambiwa kwamba lugha yake ina wasafiri waliofanya hivyo zaidi ya karne moja iliyopita. Anadhani yeye ni wa kwanza, na kwa hiyo huanza tangu alifu, na wengi huishia alifu.

Tena madhara hayaishii kwake. Mgeni asiyejua kupima huwa mshauri mbaya arudipo. Huleta sheria ya mji wenye baridi kuitumia mahali pa joto. Huleta ramani ya nyumba isiyo na baraza kwa watu ambao mambo yao makubwa huamuliwa barazani. Hulaumu soko la kwao kwa kelele, akisahau kwamba aliona duka la kwao wengine siku moja, mchana, akiwa na fedha za ruzuku. Nchi hulipa gharama ya maono ya siku za kwanza yasiyoulizwa maswali. Na huilipa kwa fedha, si kwa maneno.

Basi yatakiwa mambo matatu, na hakuna hata moja lililo kubwa. La kwanza, safari ya Selim bin Abakari isomwe katika mwaka wa kwanza wa masomo ya Kiswahili, na isomwe kama safari. Sarufi yake ingojee zamu yake. La pili, mwalimu wa historia anayemtaja Burton juu ya Zanzibar amtaje na mtu wa pwani juu ya Ulaya katika saa hiyo hiyo ya somo, ili mwanafunzi aone macho mawili yakikutana. La tatu, kila kijana anayepelekwa ng'ambo kwa fedha za umma atakiwe kuandika kwa Kiswahili maelezo ya mwezi wake wa kwanza na ya mwezi wake wa mwisho, na maelezo hayo mawili yawekwe pamoja katika maktaba. La kwanza litaonyesha alichoshangaa. La pili litaonyesha alichojifunza juu ya mshangao wake. Baada ya miaka 50 hakuna hazina itakayokuwa na thamani kuliko hiyo kwa mtu atakayetaka kujua watu wa zama hizi waliuonaje ulimwengu.

Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii imezoeleka kusemwa na anayepokea mgeni mlangoni, na kwa karne nyingi pwani ya Afrika Mashariki imekuwa mwenyeji. Imepokea wageni, imewasikiliza, imeyahifadhi maneno yao na kuyafundisha watoto wake. Lakini watu wa pwani nao walikuwa wageni. Waligonga milango ya Berlin, ya Petersburg na ya London, wakaona yaliyokuwa ndani. Wasafiri hao wamekwisha kurudi zamani, mizigo yao ingali imefungwa, na wenye nyumba hawajawauliza habari za huko walikotoka.